Gari la Konseli Mstaafu

Melanio Bagtas alikuwa akitafuna ngozi ya nguruwe aliyolipiwa na mtu mwingine, pale La Loma, mtaa wa wachoma nguruwe mjini Manila, aliposikia riziki yake ikitajwa meza ya pili. Aliyeitaja ni Aling Sepa, yaani Bi Sepa, mwenye banda, mwanamke wa kifua kipana na sauti iliyozoea kupenya moshi, na wala hakuwa akisema naye. Alikuwa akimlalamikia muuza siki. Binti yake Doray ameomba kazi ya ubalozi serikalini. Mtihani wa kuandika ameshinda, umebaki wa kukaa mbele ya jopo na kuhojiwa, na yeye mama yake hamjui hata bawabu katika wizara nzima.

"Sasa atapitaje bila mtu ndani?" alisema Aling Sepa. "Mimi hata kibali cha banda hili nilikipata kwa sababu mkaguzi alimsimamia ubatizo mpwa wangu."

Muuza siki alitikisa kichwa kwa huruma, kama inavyompasa mtu anayetaka kuuza siki. Melanio yeye aliacha kutafuna. Kuna watu ambao wakisikia mama anahangaika na mwanawe huingiwa na simanzi. Melanio huingiwa na njaa, hata tumbo likiwa limejaa.

Mimi, mkata nyama wa Aling Sepa, nimweleze kidogo, maana yeye mwenyewe hujieleza kwa uzuri uliopita kiasi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mvi pale tu zinapoleta heshima, juu ya masikio. Siku hiyo alivaa barong, lile shati letu jepesi la siku kubwa, aliloliazima kwa rafiki yake wa nyumba ya mazishi kwa sharti la kulirudisha kabla mwenyewe hajazikwa. Katika maisha yake aliwahi kuuza viwanja vinavyoonekana bahari ikipwa tu, nafasi za upishi kwenye meli ambazo hazijaundwa, na tiketi za onyesho la mwimbaji ambaye wakati huo alikuwa marehemu. Hakuwahi kumpora mtu. Watu walimpa wenyewe, na wengine walimshukuru.

Ng'ambo ya barabara, juu ya banda la Aling Charing, kulikuwa na bango la turubai pana kama banda lenyewe. Lilikuwa na uso wa mwana wa Charing ndani ya joho, na maneno ya kumpongeza kwa kushinda mtihani wa uhandisi. Ushindi ulikuwa wa zamani na mvua ilishafuta nusu ya pua ya mhandisi, lakini bango halikushushwa. Kila asubuhi Aling Sepa akiwasha mkaa, mhandisi anamtazama. Melanio aliona jinsi macho ya mama huyu yalivyokuwa yakivuka barabara na kurudi, akaelewa kwamba hapa mteja hanunui ubalozi, ananunua bango.

Tapeli wa daraja la chini angehamia meza ile na kujitambulisha. Melanio aliomba siki, akaiangalia picha ya Doray ukutani, akasema taratibu kwamba binti ana utulivu wa kidiplomasia, kisha akanyamaza kama mtu aliyejuta kusema.

"Unaijua kazi hiyo, bwana?" aliuliza Aling Sepa.

"Mama, mimi nimestaafu. Tule tu."

Akainuka, akaondoka, na Aling Sepa akamfuata mpaka ukingoni mwa barabara na kisu cha nyama mkononi, akimwomba radhi kwa kosa asilolijua. Kukataa ndiyo ilikuwa biashara yote ya Melanio. Aliporudi, alirudi kwa sababu ya mwavuli aliousahau, na mwavuli ule alikuwa ameusahau kwa uangalifu mkubwa. Ilibidi Aling Sepa amtoe maneno kwa shida: kwamba ni konseli mstaafu, yaani balozi mdogo, kwamba aliwahi kukaa Ankara na Montevideo, na mahali pengine ambapo kwa maslahi ya taifa haruhusiwi kupataja.

Alipotajiwa bahasha alikasirika. Alikasirika vizuri, kwa sauti ya chini, akizipangusa kingo za mdomo. Jopo lile, alisema, halinunuliwi, na anayejaribu anafutwa hapo hapo. Hilo lilikuwa kweli, maana Melanio hupenda kutia ukweli kidogo katika kazi yake kama mpishi atiavyo chumvi. Lakini, aliendelea, mabalozi wazee huulizana kimya kimya: huyu ni mtoto wa nani kwetu? Ndiyo maana mwombaji anahitaji ninong, msimamizi wa kipaimara, baba wa kiroho aliye ndani ya kazi. Fedha haiingii hapo kabisa. Na Doray, bahati ilivyotaka, alikuwa hajapata kipaimara, kwa kuwa siku ya wenzake alilala kitandani na matubwitubwi.

Aling Sepa alimsihi awe yeye. Melanio akaomba apewe muda wa kusali.

Sasa tuje kwenye gari. Aling Sepa alikuwa amenunua gari jipya, jeupe, la kupelekea nguruwe kwenye sherehe, viti vyake bado vimevaa nailoni. Melanio alilipenda tangu siku ya kwanza, kabla hajampenda mtu yeyote mtaani pale. Baada ya sala zake alieleza, kwa uzito wa mtu anayetoa siri ya nyumba, kwamba kule Tagaytay, mji wa milimani, wapo mabalozi wazee, ndio hao ambao jopo husikiliza neno lao, na maskini hawana usafiri wa kwenda misa. Yeye mwenyewe hataki kitu. Ila gari likipatikana, hati ziandikwe jina lake, kurahisisha mambo.

Aling Sepa, ambaye katika maisha yake amewahi kuuza kwato kwa bei ya paja, alipiga hesabu akaona bahati imemwangukia. Hii ni rushwa ambayo pia ni sadaka, dhambi na malipizi yake kwa bei moja. Alikubali, akaomba jambo moja tu: gari libarikiwe kwanza na padri, maana lisilobarikiwa halitapanda mlima yeye akiwa hai. Melanio hakuona ubaya. Maji ya baraka hayapunguzi bei ya gari.

Doray mwenyewe Melanio alimkuta Jumapili, kwenye chakula cha mchana. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, asiyeongea akila. Mtihani ule aliwahi kuufanya akashindwa, akarudi kusoma miaka mitatu huku akifundisha, na sasa umri wa kuomba ulikuwa unamtupa mkono. Mwaka huu akikosa, basi tena. Na kukosa kulikuwa rahisi. Kabla ya majina kutoka, wizara humtuma mtu mitaani kuuliza majirani juu ya tabia ya mwombaji, na akionekana ana mtu anayemsukuma kwa nyuma, jina linakatwa bila maelezo. Haya yote Melanio aliyajua. Aliyaona ni mambo ya watu wengine.

Doray alimuuliza maisha ya Ankara yalikuwaje. Melanio akajibu kwamba kilichomkaa moyoni ni zile jioni, kutembea ufukweni baada ya kazi, upepo wa bahari ukimpuliza usoni. Doray akamwongezea mchuzi wa maini.

"Lazima ulikuwa upepo wa pekee," alisema, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama tunavyowafanyia wakubwa wetu.

Melanio aliondoka siku ile akimhurumia. Mtu mpole kiasi hiki, alijiambia, afadhali akamuliwe na mtu mwenye adabu.

Kipaimara kikafanyika. Melanio alisimama nyuma ya Doray mbele ya askofu, mkono begani, uso umejaa utakatifu wa kuazima kama shati lake. Kosa alilofanya ni kudhani kwamba ukiwa ninong wa mtu mmoja, unakuwa ninong wa mtu mmoja. Pale pale kwenye ngazi za kanisa, muuza mkaa alimuuliza Doray kama huyu bwana ana moyo wa watu. Doray akajibu kweli tupu, kwamba hajamsikia akimkatalia mtu jambo la kanisa. Wiki ile ile Melanio akaombwa kusimamia ubatizo wa pacha wa muuza mkaa. Ikafuata harusi. Wakaja vijana wa muuza siki, mkubwa na wadogo zake, kwa mkupuo. Konseli mzima, aliyekaa Ankara, angesemaje hapana?

Na ninong hutoa. Hutoa siku ya ubatizo, hutoa siku ya kuzaliwa, na Krismasi ikikaribia mtu mwenye busara huhama mji. Konseli tena hawezi kutoa kidogo, watu watashangaa. Melanio aliweka rehani saa yake, ikafuata pete, kisha akaanza kumkopa yule rafiki wa nyumba ya mazishi, ambaye hakuzoea wateja wanaorudi. Akipita mtaani, watoto wanatoka vichochoroni kuugusisha mkono wake kwenye mapaji yao, na kila paji limejaa matarajio. Aling Sepa alifurahi mno. Mpaka ng'ambo kwa Charing walikuwa wanamwita Ninong. Melanio alijifariji kwamba huo ni mtaji tu, gari litarudisha yote.

Hati ziliposainiwa, na padri akataja Jumamosi ya kulibariki gari, Doray alimwalika ninong wake kahawa, katika mkahawa ulio jirani na shule. Alimwagizia na mkate mtamu. Akasubiri aumalize.

"Ninong," alisema, "Ankara haina bahari."

Melanio alikunywa kahawa yake polepole. Alikwisha kukamatwa mara kadhaa, na alijua kwamba anayekukamata kwa utulivu ana kitu anachokitaka.

"Umejua lini?"

"Ulipokuwa unapigwa na upepo."

"Mbona hukumwambia mama yako?"

Doray akamweleza, kwa sauti ile ile ya darasani. Mama haamini kwamba mtu anaweza kupita kwa akili zake mwenyewe. Maisha yake yote, kuanzia maji ya bomba mpaka kaburi la mumewe, kila kitu amekipata kupitia kwa mtu. Akiondolewa huyu mtu wake wa ndani, kesho atatafuta mwingine. Na huyo mwingine anaweza kuwa wa kweli, anayeijua milango ya kweli na kuigonga, na hapo ndipo jina la Doray litakapokatwa.

"Wewe ni salama," alisema. "Humjui mtu yeyote kule. Katika Manila yote hii, ni wewe tu ninayeweza kukuamini kwamba hutafanya lolote."

Maneno hayo yalimwingia Melanio mahali pabaya. Alikwisha kuitwa mwizi, nyoka, na siku moja, kule Iloilo, mwana wa haramu mbele ya kwaya. Lakini hakuwahi kuambiwa kwamba hana madhara. Aliumia, nasema kweli, aliumia mpaka akasukuma kikombe.

"Kwa hiyo unataka nini kwangu, mwanangu?"

"Ubaki. Ukikimbia, mama atalia mtaa mzima, na mtu wa wizara akija atakuta kilio. Na akija, usijiite konseli mbele yake. Kujifanya ofisa wa serikali ni kifungo, Ninong. Nadhani hilo unalijua kuliko mimi."

"Na gari?"

"Hati zina jina lako. Siku ya kubarikiwa nitasimama mbele ya watu wote niseme kwamba ni lako, asije mtu akakuita mwizi baadaye."

Melanio aliutafuta uongo katika uso ule kwa jicho la fundi. Hakuupata, kwa sababu haukuwapo. Akampa mkono. Njiani kurudi chumbani kwake alitikisa kichwa peke yake, akisikitika kwamba hata watu waliosoma huachia vitu kirahisi namna hii. Kisha akampigia mtu wake wa Batangas, akamwambia ajiandae na fedha, gari litamfikia Jumamosi jioni likiwa bado na unyevunyevu wa baraka.

Jumamosi mtaa mzima ulikuwa nje. Nguruwe alilazwa juu ya majani ya mgomba, mwekundu, anang'aa, mwanzi wa kumchomea umeshatolewa. Gari lilioshwa na kuvishwa utepe. Padri Anselmo, mzee mwenye goti bovu, alifika kwa baiskeli ya abiria na kijibakuli chake cha maji ya baraka. Kwenye benchi la ukutani walikaa vikongwe wa mtaa, wale ambao Padri huwapelekea komunyo nyumbani mmoja mmoja akichechemea, na ambao hawakosi penye chakula. Aling Charing naye alikuja, amevaa vizuri, na midomo ameibana. Melanio alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, ufunguo mfukoni, watoto wake wa kiroho wamemning'inia mikono yote miwili.

Mtu wa wizara alifika katikati ya sala. Hakuna aliyejua angekuja lini, na nadhani ndivyo wanavyopenda. Alikuwa mtu mfupi, Bwana Arevalo jina lake, mwenye viatu vizuri vyenye vumbi na mkoba chini ya kwapa. Alisimama nyuma kwa adabu, akapewa sahani, akaipokea, na kati ya watu wote waliokuwapo akamuuliza Aling Charing kama hapa ndipo nyumbani kwa Teodora Macaraeg, yaani Doray wetu. Charing alimwangalia mkoba. Akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu hadi mbele kabisa, kwa ukarimu ambao hatujauona kwake kabla wala baada.

"Gari zuri," alisema Bwana Arevalo, akitafuna. "La nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia nyama, karibu tu na Aling Sepa, nikaona kifua chake kinajaa. Mama wa watu alikuwa na fahari, na fahari haikai kifuani muda mrefu. Alikuwa anakwenda kusema kwamba gari ni la konseli, rafiki wa familia, anayemsaidia binti yake huko wizarani. Ile miaka mitatu ya Doray yote ilikuwa imesimama kwenye mdomo ule, na mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Ni la ninong wangu," alisema Doray, upesi lakini bila kupaza sauti. "Bwana Melanio Bagtas, huyu hapa. Hati zina jina lake." Kisha akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo. "Ninong, waambie Padri na mgeni wetu kile ulichomwambia mama. Gari hili ni la kazi gani?"

Akakunja mikono mbele yake akangoja, kama anavyowangoja wasichana wake wajibu swali.

Melanio alitazama huku na huku. Mbele yake kulikuwa na mtu wa serikali. Nyuma yake mlango wa gari, na hauwezi kufunguka bila kuwakanyaga pacha wa muuza mkaa. Aseme ni ujira wake wa kumsaidia mwombaji, hiyo ni jela. Akisema ni konseli, jela hiyo hiyo, na chumba kidogo zaidi. Aseme amepewa bure tu, na Aling Sepa atapinga kwa sauti, maana Sepa hajawahi kumpa mtu kitu bure na hatakubali kusingiziwa. Katika hali kama hiyo mtu huangukia kwenye uongo wake mzuri kuliko wote, na Melanio aliusikia ulimi wake ukienda wenyewe.

"Ni la wazee," alisema. "La kuwapeleka misa. Mimi mwenyewe sitaki kitu."

Padri Anselmo alikishusha kile kijibakuli.

"Wazee wapi, mwanangu?"

Jina la Tagaytay lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Bwana Arevalo alikuwa ameacha kutafuna na kumtazama kwa makini, na mtu wa wizara bila shaka angejua kama kule juu kuna mabalozi wazee au hakuna.

"Wa hapa," alisema Melanio.

"Wa parokia hii?"

"Wa parokia hii, Padri."

Padri alimkumbatia. Alikuwa analia, mzee wa watu, na maji ya baraka yalimwagika yote mgongoni kwa Melanio. Miaka yote hii, alisema, ameomba gari, ameandikia matajiri, na kumbe Mungu alikuwa anamwandaa mtu mnyenyekevu ambaye hata hakujitangaza. Akanyoosha mkono. Watu walipiga makofi, watoto wakaruka, na mkono wa Melanio ukatoka mfukoni na ufunguo bila yeye kuutuma. Vikongwe hawakungoja amina. Walikuwa wamekwisha kuingia garini, wanagombea kiti cha dirishani.

Nilimtazama Aling Sepa. Hakuelewa Tagaytay imehamia lini La Loma. Alimtazama konseli wake, akamtazama Padri, nikadhani sasa litalipuka. Ndipo Padri akatangaza kwamba jina la familia ya Macaraeg litasomwa misa zote za Jumapili, pamoja na la mfadhili. Aling Sepa akamtupia Charing jicho. Sura ya Charing ilikuwa imechacha kama siki ya mwezi jana. Basi mama yule akashusha pumzi, akajifuta mikono kwenye aproni, na kabla nguruwe hajafika nusu alikuwa anawasimulia watu jinsi wazo hilo lilivyomjia yeye mwenyewe, akiwa anawasha mkaa.

Doray alikwenda mbele ya jopo mwezi uliofuata. Alipita. Sitaki kuwaweka roho juu kwa jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Mama yake mpaka leo anaamini ni kazi ya ninong, na bango lake limeziba hadi dirisha la jikoni, tunakatia nyama gizani. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni yale mahojiano ya Jumamosi ile, maana yalifanyika mezani pangu, nami nilikuwa napasua mbavu polepole makusudi.

Bwana Arevalo alikuwa na kawaida ya kumhoji ninong wa mwombaji, kwa vile, alisema, wazazi hawaaminiki. Melanio aliketi mbele yake, mgongo umelowa. Aliulizwa kazi yake. Akafikiri, akasema siku hizi kazi yake ni kusimamia watoto wa watu. Mwombaji amewahi kumwomba upendeleo wowote? Hajawahi. Amewahi kumpa chochote? Kahawa, alisema Melanio, na mkate mtamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa anajibu maswali ya serikali kwa ukweli mtupu, na jasho lilikuwa linamtoka kwa ugeni wa jambo lenyewe.

"Amewahi kusema uongo, unavyomjua?"

"Hata mmoja," alisema Melanio. "Ningeujua, bwana. Niliutafuta."

Bwana Arevalo aliandika. Barabarani, gari jeupe lilikuwa linakata kona taratibu, Padri kwenye usukani, vikongwe wakipunga mikono ovyo. Upande wa pili wa meza Doray alikuwa anamkatia Aling Charing kipande cha ngozi, kile cha karibu na shingo kinachovunjika kwa sauti, akimuuliza habari za mhandisi, na Charing, ambaye dakika chache zilizopita alikuja kumzika, alikuwa anacheka na kumwita mwanangu.

"Swali la mwisho," alisema Bwana Arevalo. "Wewe kama ninong wake, unaona anafaa kuiwakilisha nchi ng'ambo?"

Melanio alimtazama Doray kwa muda mrefu. Macho yalimlegea, na sauti ilipotoka ilikuwa inatetemeka.

"Mpelekeni mbali, bwana," alisema. "Mbali kabisa. Na kama inawezekana, wiki hii."

Bwana Arevalo alifunga mkoba wake, akampa mkono kwa heshima, akasema amehoji ninong wengi katika kazi hii, lakini hajapata kumsikia mmoja akimwombea mtoto kwa moyo namna ile.